Kitufe kimeandikwa "Nunua", lakini kitabu hakijawa changu

Ndugu zangu, nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Wiki iliyopita nililipia kitabu cha kidijitali ambacho maelezo yake yalisema kipo katika EPUB, muundo huria ambao kanuni zake zimechapishwa wazi ili yeyote aweze kuunda programu ya kuusoma. Baada ya kulipa nilipakua kijifaili cha kilobaiti chache tu, na nilipokifungua sikuona hata sentensi moja ya kitabu, bali msururu wa namba na anwani ya seva. Kumbe kitabu chenyewe hakitoki mpaka usakinishe programu maalumu ya kampuni nyingine na kufungua akaunti huko, na programu hiyo haina toleo la Linux, mfumo wa kompyuta ninaoutumia kila siku. Huduma kwa wateja walinijibu nitafute kompyuta nyingine.

Nikaazima ya rafiki, na faili likapatikana, likiwa kweli na .epub mwishoni mwa jina. Wanaoyajua mambo haya wanafahamu kwamba EPUB kwa ndani ni kifurushi cha zip chenye kurasa za maandishi na picha, kwa hiyo nilikifungua. Sura zote zimo, zimepangwa moja baada ya nyingine, lakini ukifungua yoyote unakuta herufi zilizovurugwa zisizosomeka. Huko ni kutumia jina la muundo huria kuuzia kitu kilichofungwa, na mimi nauita udanganyifu.

Tukilalamika tunaambiwa kufuli hili la kidijitali, yaani uvurugaji unaozuia faili kusomwa nje ya programu yao, ni kinga dhidi ya wizi. Nakala za wizi hazina kufuli, kwa hiyo anayehangaika ni yule aliyelipa. Apple ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaondoa makufuli katika muziki inaouza, na biashara ya nyimbo haikufa. Tor, wachapishaji wa riwaya za kubuni za kisayansi, waliondoa yao katika vitabu vya kidijitali mwaka 2012, na hadi leo wanachapisha.

Na mwenye kufuli akifunga duka? Microsoft iliacha kuuza vitabu Aprili 2019, na miezi michache baadaye vile vilivyokwisha kununuliwa vikaacha kufunguka, hata vile ambavyo wasomaji walikuwa wameviandikia maoni yao pembeni. Fedha zilirudishwa, nakiri hilo, lakini muuza vitabu vya karatasi akifunga duka lake haji nyumbani kwako kubeba rafu. Tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la California inawakataza wauzaji kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu. Sisi wengine tunaachwa tugundue wenyewe baada ya kulipa.

Sidai vitabu vya bure, na mwandishi alipwe haki yake yote. Wakitaka waweke jina langu katika kila ukurasa ili nikikisambaza nijulikane, nitakubali bila kinyongo. Ninachodai ni faili ninaloweza kulisoma kwa programu ninayoichagua, na kulihamishia kwenye kompyuta yangu ijayo bila kumwomba mtu ruhusa. Kama hawawezi, basi kitufe kiandikwe "Kodi" na bei ishuke ilingane na neno hilo. Niliomba kurudishiwa fedha zangu. Wamekataa, wakisema kwamba kwa kuwa nimekwisha kupakua faili, bidhaa imehesabiwa kuwa imepokelewa.