Naomba ushauri: mbegu za mhesi, hondohondo au kima?

Habari za kazi wakuu. Niko Amani, Usambara Mashariki, kwenye utafiti wa baada ya uzamivu. Nachunguza nani anasambaza mbegu za mhesi (Maesopsis eminii), mti mgeni uliovamia msitu huu. Hondohondo wanajulikana kwa kazi hiyo, ila kima nao hula matunda hayohayo.

Nimetundika vyandarua chini ya miti kukingia mbegu. Kima wamevichana, na panya hubeba mbegu kabla sijahesabu. Nimejaribu kukusanya kila siku ya tatu badala ya kila wiki, bado.

Waliowahi kufanya kazi hii: mnazuiaje panya bila kuwafukuza ndege? Na mbegu iliyotemwa na kima mnaitofautishaje na iliyocheuliwa na hondohondo?