Mrejesho: mizani 7 au 8 kwenye utenzi

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Nilikuwa nimekwama kuchambua utenzi wa kisimulizi: mishororo mingi ilinipa mizani (yaani silabi) 8, lakini kadhaa ikatoka 7, nikadhani mtunzi ameteleza. Niliuliza pia kuhusu takriri, yaani maneno yanayorudiwa-rudiwa: niichambueje?

Uliyeniambia nisome kwa sauti huku nikigonga meza kwa kidole, Mungu akubariki. Kosa lilikuwa langu. "Mtu" nilikuwa naihesabu silabi moja, kumbe ile m husimama peke yake: m-tu, mbili. Vivyo hivyo n-chi. Ila "mbuzi" ni mbu-zi tu. Nilipohesabu upya, yote ikakaa 8 isipokuwa miwili, ambayo bado naitazama. Vina navyo, yaani sauti za mwisho wa mishororo, vikafunguka: vitatu vya mwanzo vinafanana ndani ya ubeti, cha nne kinarudi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi.

Takriri nimeiweza nusu. Kuorodhesha maneno yanayojirudia, kama nilivyoshauriwa, kulinipa orodha ndefu isiyosema kitu. Kilichosaidia ni kuuliza neno linarudi wakati gani wa kisa: "akenda" imejaa safarini, vitani haipo kabisa. Hapo nikapata la kuandika.

Asanteni sana, nyote mlionijibu.