Mnyama wa rangi adimu atangazwe, au tunyamaze?

Mleta mada
Wakuu, hili nimelibishania na jamaa zangu wiki nzima, nimeona nilimwage hapa.

Machi 2020 hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Kaunti ya Garissa, ilitangaza kwamba twiga wake mweupe na ndama wake wamekutwa mifupa mitupu, wameuawa na majangili. Twiga hao walijulikana dunia nzima tangu 2017, video yao ilipoenea. Akabaki dume mmoja mweupe. Novemba mwaka huohuo akafungwa kifaa cha GPS kwenye pembe, kikawa kinatuma taarifa ya alipo kila saa.

Mimi nasema tungekaa kimya. Weupe wenyewe unamchongea porini, halafu sisi tunamtangazia na anwani! Askari wanyamapori amwone, aandike daftarini, amlinde. Picha zisubiri hata mwaka. Wenye hoja karibuni, matusi yabaki nyumbani.

Dereva wa Kaskazini
Mkuu, siri ya porini haikai. Redio za magari zina midomo, na mtalii akishapiga picha, jioni iko mtandaoni. Bora itangazwe rasmi, kila mtu awe macho.

Sisi Tarangire tulikuwa na Omo, twiga mweupe aliyepewa jina la sabuni ya unga. Watafiti wa Wild Nature Institute walimwona 2015 akiwa ndama, na Januari 2016 wakamkuta tena, ana kama miezi 15, yuko na wenzake. Kavuka mwaka wa kwanza, ambao simba hula ndama wengi. Mbona huyo hamumtaji?

Mleta mada
Tarangire ni hifadhi ya taifa, Ishaqbini ni ardhi ya wafugaji. Usilinganishe. Halafu kumbuka Maasai Mara, Septemba 2019: mtoto wa pundamilia mwenye madoa badala ya milia. Mwongoza watalii Antony Tira alipomwona mara ya kwanza alidhani kapakwa rangi. Mnyama akaitwa Tira, na magari yakamiminika. Mtoto wa wiki chache, anazingirwa na injini za dizeli!

Mwalimu wa Baiolojia
Kabla hamjaendelea: huko mtaani kuna wanaowaita hawa "twiga zeruzeru". Neno hilo linawaumiza binadamu wenzetu, na hata hapa si sahihi. Hawa si albino. Albino hana rangi hata machoni, twiga hawa macho yao ni meusi. Hali yao huitwa leusizimu: rangi inakosekana kwenye ngozi na manyoya, macho yanabaki nayo. Mnyama ni yuleyule, spishi ileile.

Ninachoogopa mimi ni soko. Afrika Kusini wafugaji wa wanyamapori walizalisha kwa makusudi swala pala weusi na nyumbu wa dhahabu, wakauziana kwa bei za ajabu hadi soko likaporomoka. Mwaka 2016 mkutano wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ulipitisha azimio dhidi ya uzalishaji wa namna hiyo. Tukishazoea kushangilia rangi, bei inafuata.

Mdau wa Illinois
Nasoma nikiwa Marekani. Huku kuna mji unaitwa Olney, una kindi weupe, hao ndio albino kweli, macho mekundu. Wametangazwa mpaka basi: picha ya kindi iko hadi kwenye beji za polisi. Lakini sheria inawapa haki ya kupita kwanza barabarani, paka hawaruhusiwi kuzurura, na kila msimu wa majani kupukutika watu wanatoka kuwahesabu. Utangazaji ulikuja na sheria zake.

Dereva wa Kaskazini
Nilichosema ndicho hicho!

Mleta mada
Sicho. Wewe umetaja redio na mitandao, yeye kataja sheria. Na kindi hana nyama ya kumtoa mtu kijijini na bunduki.

Mkaaji wa Ijara
Nimewasoma kimya tangu mwanzo. Ishaqbini ni kwetu. Msiba wa wale twiga ulituuma, maana wageni walikuwa wanakuja kwa ajili yao. Lakini mnajua hifadhi ile ilianzishwa kwa ajili ya nani? Hirola. Swala ambaye duniani kote hawafiki 500, na 2012 alijengewa eneo lake lenye uzio usiopitika na simba wala fisi. Twiga wa kawaida wapo kwa maelfu. Mweupe akifa, waandishi wanapiga simu kutoka Ulaya. Hirola akifa, anajua askari na mke wake.

Mnabishana atangazwe au afichwe, na aliyefichika kweli hamjamtaja hata mara moja. Hirola ana rangi gani? Nijibuni bila kupekua simu.

Mleta mada
Mkuu, nimepekua. Kahawia iliyopauka, na mstari mweupe katikati ya macho kama miwani. Nilikuwa sijui.