Taka za nyuklia zizikwe wapi, na nani awe na haki ya kukataa?

Wadau, kuna hoja inarudiwa sana: kwamba wanajiolojia wakishasema mwamba unafaa, serikali ichimbe tu, wanaopinga wanaleta siasa. Napinga. Siasa huwa imeshaingia kabla mwananchi hajafungua mdomo.

Tazameni Marekani. Mwaka 1987 maeneo matatu yalikuwa yakichunguzwa: Texas, jimbo la Washington na Yucca Mountain huko Nevada. Spika alikuwa Jim Wright wa Texas, kiongozi wa walio wengi Tom Foley wa Washington. Bunge likafuta mawili, ikabaki Nevada, jimbo lisilo na hata kinu kimoja cha umeme wa nyuklia! Gavana alipoweka pingamizi mwaka 2002, Bunge likalitupa mwaka huohuo. Mabilioni ya dola yameteketea, na hakuna hata kilo moja ya taka iliyozikwa mle mlimani.

Ufini walimpa mwenyeji kura ya turufu tangu mwanzo. Halmashauri ya Eurajoki, mji mdogo wenye vinu vya nyuklia, ingesema hapana, mambo yangeishia hapo. Mwaka 2000 ilikubali kwa kura 20 dhidi ya 7, na mahandaki ya Onkalo, eneo la kuzikia taka huko, sasa yako zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Mtaniambia Eurajoki walishazoea vinu na ajira zake. Ni kweli, lakini waliulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaosubiri. Kwa sheria ya 1982, serikali kuu ya Marekani ilipaswa kuanza kuzichukua taka hizo kabla ya Februari 1998. Kule Wiscasset, Maine, mtambo wa nyuklia ulishabomolewa, mwaka 2005 kazi ikaisha, lakini makasha 64 ya zege na chuma yenye taka hizo bado yamesimama palepale na walinzi wenye silaha. Wakazi wale nao hawakuombwa ridhaa ya kuyatunza bila kikomo.

Sasa penye ugumu: kauli iwe ya nani? Viongozi wa kaunti ya Nye, penye mlima wenyewe, waliunga mkono mradi huku jimbo likipinga, nao Washoshone wa Magharibi, wenyeji wa asili wa huko, wanaidai ardhi ile kwa mkataba wa 1863. Mimi nasema wote watatu wawe na haki ya kukataa. Anayeona hao ni wengi mno, aseme nani aondolewe na kwa nini.