Kanuni za tahajia ya Kiingereza: zinamsaidia mtoto, ao ni kumchosha bure?

Mzazi wa Himbi, Goma
Salamu, walimu. Mtoto wa mwaka wa tano primeri, shule ya Kifaransa, Kiingereza anasoma jioni. Kaye imejaa kanuni na zote anazo kichwani. Ukimpa dikte, anaandika hoping pahali pa hopping. Hizi kanuni zina kazi gani?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu
Zina kazi, ila chache. Mwaka 1966 watafiti wa Stanford, Marekani, waliipa kompyuta kanuni zaidi ya 200 iandike maneno kama 17,000. Yaliyotoka sawa ni karibu nusu. Na kompyuta haisinzii darasani!

Ile ya "i mbele ya e isipokuwa baada ya c" aiweke kando kwanza. Inafaa tu sauti ikiwa "ii" ndefu: field, receive. Hata hapo seize inaivunja. Akiipeleka kwa their, ameshapotea.

Ya hopping ndiyo ya kushika. Silabi moja, irabu moja, konsonanti moja mwishoni: konsonanti inarudiliwa mbele ya -ing na -ed. Hope inaangusha e, p inabaki moja. W, x na y hazirudiliwi: playing, fixed. Usimkaririshe. Andika hop na hope, plan na plane, tap na tape, aongeze -ing mwenyewe, halafu asome kwa sauti. Sikio litamkamata.

Mama Dikte, Goma
Mwalimu, umesahau Kifaransa. Mtoto wa huku hakosei kama wa London. Anaandika adress kwa d moja, exemple pahali pa example, langage pahali pa language, mariage kwa r moja, appartement kwa p mbili. Hapo hakuna kanuni ya Kiingereza itakayomwokoa. Gawanya ukurasa: Kifaransa kushoto, Kiingereza kulia, herufi inayobadilika kwa biki nyekundu. Maneno matano kwa siku: atazame, afunike, aandike, afunue, alinganishe. Yaliyomshinda yarudi kesho, tena wiki ijayo. Said, was na does, zisizoandikwa kama zinavyosomwa, nazo zipitie hukohuko.

Mzazi wa Himbi, Goma
Asanteni. Sasa have na give? E ya hope inarefusha o, yao mbona hairefushi irabu?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu
Iko pale kwa ajili ya v. Neno la Kiingereza karibu haliishii kwa v, kwa hiyo linawekewa e. Kwa kanuni hiyo moja anapata have, give, love, twelve na believe. Hiyo mfundishe leo.