Kulanti yapungua kidogo kidogo lakini chini hakuna tone: nitafute wapi?

Mwalimu_Mambrui

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina pikipiki ya 200cc yenye rejeta na pampu ya maji, si kama hizi za bodaboda zinazopozwa kwa upepo. Nakaa Mambrui na nafundisha Malindi mjini, kwa hivyo kila siku ya kazi navuka daraja la Sabaki kwenda na kurudi. Jumamosi mara nyingine naipeleka hadi Marereni kwa mama mkwe.

Tatizo ni chupa ya akiba ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini. Naijaza hadi mstari wa juu, na baada ya wiki kadhaa imeshuka karibu na mstari wa chini. Barazani ninapoiegesha usiku sakafu ni kavu. Joto la injini ni la kawaida, feni inawaka na kuzima kama siku zote. Ila nikifika shuleni na kuzima injini, napata harufu tamutamu upande wa kulia, kisha upepo unaiondoa. Na chini karibu na pampu kuna weupe uliokauka, wenye ukijani kidogo.

Fundi wa kwanza aliitazama akasema ni gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na silinda, tufungue injini. Wa pili akasema ni sili ya pampu, ile pete ya kuzuia maji yasitoke, ninunue pampu nzima. Hakuna aliyepiga magoti akamulika kwa tochi. Mimi sitaki kununua kitu ambacho hakijaonekana kimeharibika. Mtu hutafutaje uvujaji mdogo namna hii mpaka auone kwa macho yake?

Jambo la pili: barazani kuna paka amezaa, na nasikia kulanti ni sumu kwao. Ni kweli?

Fundi_Barani

Waaleikum salaam mwalimu. Usikubali hedi ifunguliwe sasa. Gasketi ya hedi ikiungua ina dalili zake. Oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Moshi mweupe wenye harufu tamu huendelea kutoka hata injini ikishapata moto. Au ukiwasha asubuhi kizibo cha rejeta kikiwa wazi, utaona viputo vinapanda mfululizo bila kukoma. Kama huoni hata moja, uvujaji uko nje na unaweza kuuona.

Hapadondoki kwa sababu kinachotoka ni kidogo na kinakaukia kwenye chuma cha moto. Maji yanakwenda hewani, dawa na rangi zinabaki. Huo weupe ni ushahidi mzuri, lakini usidhani pale ulipo ndipo panapovuja. Kulanti huteremka, na ukiwa mwendoni upepo wa mbele unaisukuma nyuma. Kwa hivyo tafuta alama iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Mafundi wengi hushika alama ya chini kwa sababu ndiyo kubwa, wakaishia kubadilisha kitu kizima.

Fanya hivi. Injini ikiwa baridi, osha upande wote wa kulia kwa sabuni na brashi laini, kausha kwa kitambaa. Usipige rejeta kwa mashine ya presha, mapezi yake hupinda. Kisha chukua poda ya mtoto, pulizia kidogo kwenye maungio yote ya mipira, pembeni mwa kifuniko cha pampu, na chini ya rejeta pande zote mbili. Zunguka nayo mpaka feni iwake, rudi, mulika kwa tochi. Poda ikilowa inafanya mstari unaoonekana wazi.

Usiishie hapo. Iache usiku kucha, halafu iangalie alfajiri kabla ya kuwasha. Hili ndilo watu hawalifanyi. Kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa baridi tu: moto ukipanda mpira unatanuka na kubana shingo ya chuma, ukipoa unasinyaa na kuachia. Ukienda kwa fundi saa nane mchana injini ikiwa na moto, ataapa kwamba hapavuji.

Halafu chini ya kifuniko cha pampu kuna kitundu kidogo. Kiwanda kimekiweka makusudi, kati ya sili ya maji na sili ya oili. Kikitoa kulanti, sili ya maji imechoka. Kikitoa oili, ni ile nyingine. Tafadhali mtu yeyote asikuzibie kitundu hicho kwa gundi. Kulanti ikikosa njia ya nje itaingia kwenye oili, na hapo ndipo injini huharibika kweli.

Boda_KisumuNdogo

Mwalimu, kuna ile dawa ya kuziba inayouzwa kwa chupa, unamimina kwenye rejeta. Jirani yangu aliitia kwenye gari lake na mpaka leo linakwenda. Ni rahisi kuliko haya yote.

Fundi_Barani

Ndugu yangu, kwenye gari lenye rejeta kubwa wakati mwingine inasaidia kumfikisha mtu nyumbani. Rejeta ya pikipiki ina njia nyembamba, na dawa hiyo haichagui pa kuziba. Nimefungua rejeta zilizojaa uji mkavu kwa sababu yake. Mwalimu anavuka Sabaki kila siku na jua la mwezi wa tatu, simshauri hata kidogo.

Dada_wa_Watamu

Naongeza mawili matatu, kwa kuwa nami naendesha ya maji.

Kizibo cha rejeta usikisahau. Kwenye nyingi kimeandikwa 1.1, ndiyo presha kinayoshikilia. Presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke kwa nyuzi 100, yapande hadi karibu 120. Mpira wake ukikakamaa, kulanti inasukumwa kwenye chupa mapema na kumwagika kwa mrija wa juu, wewe unadhani kuna tundu mahali. Kina vali ndogo katikati ya kurudisha kulanti injini inapopoa, nayo ikikwama rejeta inapungua huku chupa ikionekana imejaa. Kwa hiyo usitazame chupa peke yake. Fungua kizibo asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, uone kama rejeta yenyewe imejaa. Ikiwa na moto usiguse, nimeona mkono ulioungua na sitaki kuona mwingine.

Pili, maji. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, unajua mwenyewe chai yake ilivyo. Chumvi hiyo inakula aluminiamu. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri dukani, kwa sababu tindikali ya betri nayo inauzwa kwenye chupa zinazofanana.

Kuhusu paka, ndiyo, ni kweli. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli. Ina utamu, wanyama wanairamba, na kiasi kidogo tu kinaua figo za paka. Ukimwaga, mwagia maji mengi na usugue sakafu. Ya zamani usiiache kwenye beseni hata kwa dakika chache. Watoto vilevile.

Mwalimu_Mambrui

Nimerudi na majibu, na nawashukuru sana nyote.

Oili ni safi, viputo hakuna, rejeta yenyewe ilikuwa pungufu kidogo. Niliosha, nikapulizia poda, nikaenda mpaka karibu na Gongoni na kurudi. Jioni poda ilikuwa kavu kila mahali, hata kwenye kile kitundu cha pampu. Alfajiri baada ya swala nikatoka na tochi. Pale mpira wa chini wa rejeta unapovaa shingo ya pampu, upande wa nyuma usioonekana ukisimama, palikuwa na mstari mmoja uliolowa. Ulishuka kwenye kifuniko cha pampu na kupita kandokando ya kitundu. Ndiyo maana kila aliyetazama chini alisema pampu.

Nilimwaga kulanti kwenye debe lenye kifuniko, nikauvua mpira. Shingo ya aluminiamu ina ukoko mweupe mgumu na vishimo vidogo. Mpira wenyewe hauna ufa nje, ila ndani mdomo wake umekuwa mgumu. Klampu imeshika kutu upande wa skrubu. Je, shingo hii inafaa bado, au pampu ndiyo basi?

Fundi_Barani

Hongera mwalimu, umeifanya kazi ilivyotakiwa. Pampu usinunue.

Sugua shingo kwa msasa laini wa maji, namba 400 kisha 600, ukizunguka nayo duara, usisugue kwa urefu maana mikwaruzo ya urefu ndiyo inayopitisha maji. Ziba mdomo wa pampu kwa kitambaa vumbi lisiingie. Pitisha ukucha: vishimo vidogo mpira mpya utavifunika, lakini kama kuna kimoja kirefu kinachofika hadi ukingoni, nitumie picha kabla hujafunga.

Nunua mpira mpya na klampu mbili za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi kutoka Mambrui hadi Gongoni haiachi klampu ya kawaida. Mpira uingie mpaka mwisho, klampu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka wa shingo, si juu yake. Kaza mpaka mpira uanze kubonyea kidogo, basi. Ukikaza sana unaukata.

Ukijaza, iweke wima, kizibo wazi, washa injini ikiwa baridi, bonyezabonyeza mipira kwa mkono hewa itoke. Termostati, ile vali inayofunguka kwa joto, ikifunguka kiwango kitashuka ghafla. Ongeza, funga kizibo. Angalia tena alfajiri mbili tatu. Na mtu asije akakupimia presha kwa pampu ya matairi isiyo na kidhibiti, rejeta hupasuka.

Mwalimu_Mambrui

Kishimo kirefu hakuna, nimepitisha ukucha mara mbili. Mpira nimeagizia Mombasa, unakuja na matatu Alhamisi. Hadi hapo paka na wanawe wamehamia jikoni, na debe la kulanti liko juu ya kabati.