MJADALA: Mtani wako akicheza Ulaya, una deni la kumshangilia?

#1, mwanzisha mada

Wadau, salamu. Nafuata soka la Czech miaka mingi na timu yangu ni Viktoria Plzeň. (Ndiyo, Plzeň ya bia. Ile "pilsner" mnayoagiza baa ilizaliwa mji huo mwaka 1842.) Kuna swali linagombanisha watu wa kule kila klabu zao zinapoingia mechi za Ulaya, nami limenifika kooni: Slavia ya Praha ikicheza, shabiki wa Sparta, watani wao wa mji huohuo, au wa Plzeň anapaswa kuishangilia kwa ajili ya pointi za nchi?

Kwa asiyejua hesabu hizi: klabu ikishinda mechi Ulaya, nchi inaandikiwa pointi mbili, sare moja, na kwenye mechi za mchujo zinakatwa nusu. Kuna na nyongeza kwa wanaosonga mbele. Jumla inagawanywa kwa idadi ya klabu zote ambazo nchi ilipeleka, pamoja na ile iliyotolewa mapema kabisa. Kisha misimu mitano inajumlishwa na nchi zinapangwa. Czech walimaliza 2023/24 wakiwa wa kumi, maana yake bingwa wao aliingia Ligi ya Mabingwa ya 2025/26 moja kwa moja, bila kupitia mchujo.

Bingwa huyo alikuwa Slavia. Sasa nani alichuma?

Turudi 2023/24. Plzeň tulikuwa Conference League, michuano ya ngazi ya tatu ya Ulaya, kundi moja na Dinamo Zagreb, Astana na Ballkani. Mechi sita, ushindi sita. Hatua ya 16 bora tukakutana na Servette, mechi mbili, dakika 210 bila bao hata moja, tukawatoa kwa penalti. Robo fainali Fiorentina hawakupata kitu kwetu, 0-0, na kwao wakatufunga 2-0 kwenye muda wa nyongeza tukiwa tumebaki kumi uwanjani. Kocha alikuwa Miroslav Koubek, mzee wa miaka zaidi ya sabini, anasimama pale pembeni kama mtu anayesubiri basi. Kila ushindi ule ulikuwa pointi mbili kwenye kapu la nchi. Sparta nao msimu huohuo waliwatoa Galatasaray kwenye Ligi ya Europa, kabla Liverpool hawajawapiga 11-2 kwa mechi mbili.

Kapu ni la wote, lakini kilichomo anabeba mmoja. Klabu ikitia mguu tu kwenye hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa, inalipwa euro milioni 18.62. Conference League ni milioni 3.17. Ushindi mmoja kule juu ni milioni 2.1, huku chini ni laki nne. Halafu huyohuyo mwenye milioni 18 anarudi nyumbani Jumapili kucheza na Teplice.

Tangu Slovan Liberec wachukue ubingwa 2012, hakuna klabu nje ya Slavia, Sparta na Plzeň iliyoushika. Nami nasema hivi nikiwa ndani ya hao watatu. Kwa hiyo mtu anaponiambia "shangilia Slavia, ni uzalendo," namuuliza: uzalendo gani huu ambao faida yake ndiyo inayomnunulia jirani yangu mshambuliaji wa kunifunga Aprili? Anayetaka ashangilie, siwezi kumzuia. Lakini asiniwekee bendera usoni. Karibuni.

#2

Mkuu, umechagua msimu mmoja ukaruka minne. Ile orodha iliyompa Czech nafasi ya kumi inahesabu kuanzia 2019/20. Sasa tuambie nani alicheza robo fainali ya Ligi ya Europa 2020/21, akawatoa Leicester kisha Rangers, hadi Arsenal walipomkata 4-0 Praha. Slavia. Na msimu huohuo nyumbani hakufungwa mechi hata moja ya ligi. Nani alifika robo fainali ya Conference League 2021/22? Slavia tena, wakatolewa na Feyenoord. Na huo msimu wako wa 2023/24, nani aliongoza kundi mbele ya Roma? Jibu unalijua.

Kwa hiyo Slavia hakula jasho la Plzeň. Alikula shamba alilolima kwa jembe lake, nanyi mlikuja kusaidia palizi. Tena ubingwa wa 2024/25 hakupewa zawadi. Mngekuwa juu yake kwenye msimamo, hizo milioni 18 zingekuja mji wa bia. Mlimaliza wa pili.

#3

Mimi nawaza Sigma Olomouc. Klabu ya Moravia, mashariki mwa Czech, si tajiri, wachezaji wake wazuri huondoka mapema. 2025 wakawafunga Sparta 3-1 fainali ya kombe. Kwa sababu nchi iko juu kwenye orodha, mshindi wa kombe aliingizwa hatua ya mwisho ya mchujo wa Ligi ya Europa. Walifungwa na Malmö, sawa, lakini ukifungwa hatua hiyo huendi nyumbani, unashushwa Conference League. Yaani walihakikishiwa mechi za Ulaya hadi Desemba kabla hawajapiga mpira.

Mwanzisha mada, milioni 3.17 unazozidharau ni pesa ya kawaida kwa Slavia. Kwa Olomouc ni neema. Pointi za Slavia na za Plzeň wako ndizo zilizowafungulia mlango. Hapo kapu limegawanywa au halijagawanywa?

#4

Habari za kapu waulizeni Baník Ostrava. Mji wa makaa ya mawe, ubingwa wa mwisho 2004. Msimu wa 2024/25 wakamaliza wa tatu, juu ya Sparta, watu wakalia barabarani. Zawadi yake ikawa mechi sita za mchujo wakati wenzao wa ligi wanapumzika katikati ya wiki: Legia Warszawa wakawatoa, wakashushwa, wakawatoa Austria Wien, kisha Celje ya Slovenia ikawafungia mlango. Hakuna hatua ya ligi, hakuna milioni tatu. Vuli ikafika miguu imechoka, wakajikuta sehemu ya chini ya msimamo.

Na zile pointi chache walizookota zikaingia kwenye hesabu kama kawaida. Ukishindwa wewe unaitwa mzigo kwa sababu unaongeza namba ya kugawia. Bohemians walitupiwa maneno hayohayo 2023 walipotolewa na Bodø/Glimt ya Norway kwenye mchujo. Klabu yenye kangaruu kwenye nembo, kumbukumbu ya safari ya Australia 1927, imekosa kitu gani? Kuthubutu kumaliza wa nne?

#5

Ndugu zangu, mbona mnazungumza kama jambo geni? Tanzania tulipata nafasi nne CAF kwa mgongo wa Simba, na Biashara United ya Mara wakaonja Kombe la Shirikisho kwa nafasi hizo. Je, Yanga waliacha kuvaa jezi za wageni siku Simba anacheza? Thubutu. Na Yanga walipofika fainali ya Shirikisho 2023 dhidi ya USM Alger, Msimbazi hawakuwasha mishumaa ya kuwaombea. Nafasi nne bado zipo. Utani haupunguzi pointi, pointi zinaletwa na wachezaji.

#6

Nakubaliana na #5, ila Praha si Kariakoo. Slavia ilianza 1892 na Sparta 1893, na chuki ya Letná (uwanja wa Sparta) na Eden (uwanja wa Slavia) haina mizaha mingi. Mtu wa Sparta hatavaa jezi ya Barcelona kwa kucheka. Atazima televisheni alale.

Mimi naona swali liwe lingine: ligi yenyewe. Raundi 30, halafu sita wa juu wanakutana tena mara moja moja wakigombea ubingwa, sita wa chini wanapigana wasishuke, wa saba hadi wa kumi wana mchujo wao wa kuwania tiketi ya Ulaya. Pointi zote mnaingia nazo. Mwenye kikosi cha watu 25 wazuri anazidi kufaidi kila mechi inapoongezwa. Kama mnataka kugawana, anzieni hapo.

#7, mwanzisha mada

Nimesoma wote. #2, kwenye misimu mitano umenibana, nakubali. Nilichagua mwaka uliokuwa mtamu kwangu. #3, Olomouc sikuwa nimewaweka kwenye hesabu na nilipaswa. Hoja yangu ya fedha bado naishikilia: milioni 18.62 kwa 3.17, kwenye ligi moja, kila mwaka nafasi hiyo inapobaki. #4 ndiye aliyesema nilichotaka kusema, vizuri kuliko mimi.

Niungame kitu. Septemba 2025, mechi ya kwanza ya Slavia kwenye Ligi ya Mabingwa, Bodø/Glimt wako Eden. Mbodji kafunga mawili, 2-0, mimi nimenuna kwenye kochi. Wanorwe wakarudisha moja, na dakika za mwisho kabisa wakasawazisha. Niliruka hadi nikamwaga chai. Kisha, sijui kwa nini, nikachukua simu nikapiga hesabu. Sare badala ya ushindi, pointi moja imepotea. Msimu ule Czech ilipeleka klabu tano. Moja gawa kwa tano, 0.2.

Nikafuta chai.